Siku Nilipomfungulia Bibi Yako Hewa Yote

Nyaishozi, nyumbani, jioni

Mwanangu Kokuhirwa,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, maana umetoka hapa saa tisa na kandambili zangu miguuni, ukaniacha nizunguke uani na viatu vya kanisani. Umekwenda Nyabiyonza kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua, hakuachii mpaka ule, unywe, na ufungashiwe. Kwa hiyo nina kama saa mbili za kukaa peke yangu na kalamu hii. Naogopa, Koku. Mkono huu uliochoma watu sindano mpaka nikastaafu leo umeshaharibu karatasi mbili.

Mambo ya blanketi, ndoo na kuamka mapema siandiki. Ukisahau ndoo utanunua nyingine. Kesho asubuhi utapanda gari la Kayanga, na pale stendi utachukua la Kyerwa, na Jumatatu utaingia wodi ya watu wazima, muuguzi mwenye cheti chake. Ni hiyo wodi iliyonikalisha chini. Wangekupangia kliniki ya watoto, labda ningenyamaza mpaka nizikwe.

Nataka kukwambia bibi yako alikufaje.

Najua utasema unajua. Unajua ile ya baba yako, ambayo umeisikia kila msiba na kila ubatizo tangu ukiwa darasa la tatu: kwamba bibi alizidiwa na kifua, kwamba mama yako alikuwa zamu, kwamba alimpa hewa bila kumpimia, na kwamba kwa sababu hiyo kikongwe aliondoka amelala kwa amani, hana hata jasho. Ulipoulizwa kanisani kwa nini umechagua uuguzi, ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Kwa sababu mama yangu alimpa bibi pumzi." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa benchi la tatu na nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nilipiga makofi na mimi. Ningefanya nini?

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana bila hilo hutaelewa ujinga wangu ulitoka wapi.

Nilipoolewa nyumba hii nilikuwa nesi wa mwaka mmoja, najiona nimesoma. Wiki ya pili akaja mgeni, mzee mmoja wa ukoo, na maziwa siku hiyo yalikuwa machache. Nikamtilia kikombe nusu ili na wengine wapate. Bibi yako alikipokea kikombe kabla hakijamfikia mgeni, akarudi nacho jikoni, akakijaza mpaka maziwa yakawa yanacheza ukingoni, kisha akakipeleka mwenyewe. Mgeni alipoondoka akaniita. Hakunipigia kelele. Alitoa kiko mdomoni akasema, "Binti, hapa kwetu mgeni hapimiwi. Ukimpimia umemwambia aende zake." Sisi wengine jioni ile tulikunywa uji bila maziwa.

Nilijifunza. Mawe, mama yangu! Nilijifunza mpaka ikapitiliza. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka kwangu na sahani nusu, awe mgeni wa maharage au wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikawa mke wa kusifiwa.

Na bibi yako unamkumbuka alivyoishi. Lile jiko lake la nyuma halikuwa na dirisha, kuni zake mbichi za mkaratusi, na yeye katikati ya moshi huo tangu alfajiri, kiko mdomoni, kana kwamba wa kuni haukumtosha. Kikohozi chake ndicho kilikuwa jogoo wetu. Nilikuwa nesi ndani ya nyumba hiyo miaka yote na sikuwahi kusema, "Mama, hicho kifua tukakipime." Nilisema, "Pole, mama." Hilo ni kosa langu la kwanza, na wala si kubwa.

Ilikuwa msimu wa mvua. Walimleta asubuhi kwenye pikapu ya ndizi, amekaa wima katikati ya mikungu kwa sababu kulala chali hakuwezi. Baba yako alikuwa amemshika mabega, baba zako wadogo wawili wamening'inia nyuma. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyoiva. Daktari wa zamu alikuwa kijana mgeni, ndiyo kwanza ametoka masomoni, mpole, alikuwa akituamkia shikamoo sisi manesi wa zamani mpaka tunaona haya. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akauliza habari za moshi, akauliza habari za kiko. Kisha akaandika kwenye faili: oksijeni ya mirija ya puani, anza na lita moja, pima kidole mara kwa mara, hewa ya damu iwe kati ya asilimia themanini na nane na tisini na mbili, isizidi. Akanigeukia, akasema, "Sista, huyu twende naye polepole."

Sasa sikiliza. Kile kipimo cha kidole cha wodi yetu kilikuwa kimoja, na kilifungiwa kwenye droo ya mkuu wa wodi, kwa sababu cha kabla yake kilipotea na sote tulisemwa. Mkuu wa wodi alikuwa kwenye kikao Kayanga, ufunguo uko kwenye pochi yake. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi siku zote: kipimo salama kwenye droo, wagonjwa tunawapima kwa macho. Hakuna aliyeona ajabu. Ningeweza kukimbilia wodi ya wazazi nikaazime chao. Ningeweza kuivunja ile droo, mbao zake zilikuwa za kuvunjwa na mtoto. Sikufanya hata moja. Nilijiambia macho yangu yanatosha.

Nikaunga mtungi, nikafungua lita moja. Unakijua kile kijipira ndani ya bomba la kioo juu ya mtungi, kinachopanda kadiri unavyofungua hewa. Kwenye lita moja kinaonekana kama kimelala chini kabisa. Baba yako na ndugu zake walisimama pale wakikitazama. Baba yako akauliza, "Mbona kimekaa chini? Hewa imeisha?"

Nikamwambia haijaisha, ndivyo daktari alivyoandika.

Akamtazama mama yake anavyovuta pumzi kwa mabega. Kisha akasema polepole, wala si kwa hasira, "Kwa hiyo mama yangu anapimiwa?"

Koku, hilo neno lilinipiga usoni. Niliona kile kikombe cha maziwa. Niliona mimi, mkwe, nimesimama mbele ya wanaume watatu wa nyumba ile, ninamtilia mwenye nyumba nusu kikombe, yeye aliyenifundisha kujaza. Nikasema moyoni, huyu daktari ni mtoto, anajua nini? Nikashika koki nikaizungusha mpaka mwisho. Kijipira kikaruka kikagota juu.

Na ilionekana vizuri! Hilo ndilo linaloniua. Zambarau ilitoka midomoni, mabega yakashuka, bibi yako akanishika mkono akasema, "Asante, mwanangu, sasa napumua." Baba yako alitoka nje akalia kwa furaha nyuma ya wodi. Mimi nikawa natembea kati ya vitanda kama niliyetangazwa mshindi.

Saa nane akasema kichwa kinamuuma. Nikampa dawa ya kichwa. Saa tisa akasema ana usingizi. Nikasema, mwacheni alale, amehangaika tangu jana. Nikamfunika khanga, nikawakataza wageni wasimsumbue. Mara mbili nilipita nikamwona ametulia, nikafurahi. Yaani nilimlindia usingizi ule kwa mikono yangu mwenyewe.

Saa kumi na moja nilikwenda kumpa dawa. Nikamwita, haitiki. Nikamtikisa, haitiki. Alikuwa akipumua mara moja, kisha anakaa kama aliyesahau, kisha anakumbuka tena. Nikapiga kelele. Daktari alikuja mbio, na nakwambia kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa mgonjwa, kilikuwa kile kijipira. Akakishusha. Akachukua mfuko wa kupulizia, tukampulizia yeye na mimi kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Jua halijazama akawa ameondoka.

Daktari alimfunika shuka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aliongeza?"

Kabla sijafumbua mdomo baba yako alijibu, machozi yanamtoka, kifua mbele, "Ni mke wangu, daktari. Yeye hakumpimia mama."

Yule kijana alinitazama. Alimtazama baba yako. Akasema, "Poleni sana," akaondoka. Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo hadithi ya baba yako ilipozaliwa, mbele ya macho yangu, na mimi sikuinyonga ikiwa bado changa.

Baada ya arobaini daktari aliniita chumbani kwake. Hakunifokea, angenifokea ningepona mapema. Alinieleza kama ninavyokueleza wewe, ingawa wewe umefundishwa chuoni na mimi sikufundishwa, sisi juu ya oksijeni tulifundishwa neno moja tu, "mpe." Akasema mapafu yaliyokaa moshini miaka mingi huzoea uhaba. Ukiyamwagia hewa kwa ghafla, hewa chafu inabaki ndani inakusanyika, mgonjwa kichwa kinamuuma, analegea, analala, na sisi tunadhani amepata nafuu. Akasema ndiyo maana aliandika lita moja. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nimemuua?" Akasema, "Alikuja amechoka sana, sista. Huenda angekufa hata hivyo."

Huenda. Hilo neno nimelala nalo miaka yote hii. Lingekuwa ndiyo, ningelia likaisha. Lingekuwa hapana, ningecheka. Huenda halina mahali pa kulishika.

Usidhani basi nilipata akili siku ile ile. Nilihamia upande wa pili. Nikawa naiogopa oksijeni kama nyoka. Mwezi mmoja baadaye alilazwa dada mmoja mwenye homa ya mapafu, kijana, hajawahi kuvuta hata moshi wa sigara ya jirani, na mimi nikamwekea lita moja nikasimama pale najisifu kwa uangalifu. Alikuwa anazama. Daktari ndiye aliyepita, akampima, akaruka. Kidole kilikuwa kinasoma sabini na kitu. Yule alihitaji hewa nyingi na haraka, na mimi nilikuwa namlipisha deni la bibi yako. Alipona. Si kwa ajili yangu.

Kwa hiyo sikwambii mpe kidogo, wala sikwambii mpe nyingi. Nakwambia sikujua, na sikupima. Uchoyo wangu na ukarimu wangu vyote viwili vilikuwa vya kupima kwa macho tu.

Kuanzia hapo kipimo nilikiomba kitoke kwenye droo. Mkuu wa wodi alisema kikipotea nitajibu mimi, nikasema nitajibu. Nikakifunga kamba nikakivaa shingoni, wenzangu wakaniita Bibi Kengele. Wacha wacheke. Lakini usije ukadhani kwamba kamba ile ilinipa nguvu, mwanangu. Kuna mzee mmoja mfugaji, kifua chake kama cha bibi yako, nilimwekea lita moja, kidole kinasoma tisini, vizuri kabisa. Wanawe walinizunguka. "Unampimia mzee wetu? Kwani hewa ni yako?" Niliwaeleza kwa Kiswahili, nikawaeleza kwa Kinyambo, nikawaonyesha namba. Nikageuka kumhudumia mwingine, nikarudi, kijipira kiko juu. Nikashusha. Nikageuka, kiko juu. Mara ya tatu niliketi chini kando ya mtungi nikaushika kwa mikono miwili, mwanamke mzima, na wale vijana wananitukana, na sikuweza kuwakasirikia, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuwa wao. Ilipofika jioni walimtoa, wakampeleka wasikonijulisha. Sijui aliishia wapi.

Na utakuta siku ambazo hata kujua hakusaidii. Umeme utakatika, mashine ya kutengeneza hewa itazima ikilia, na mtungi utakuwa mmoja na vifua viwili. Nilitaka nikuandikie la kufanya siku hiyo. Nimekaa na kalamu juu ya karatasi mpaka wino umekauka. Sina. Piga kelele uite wakubwa, pima wote wawili, usiondoke. Zaidi ya hapo mama yako hajui.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia baba yako. Nimejaribu. Mara moja tulikuwa tunaanika kahawa, nikaanza, "Baba Koku, ile siku ya mama..." Akaacha reki, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Usiseme. Sitaweza kukulipa." Nikarudi kwenye kahawa. Na unadhani yule Bihogo, ng'ombe mwekundu, aliingiaje zizini kwangu? Baba yako alinipa mbele ya ukoo mzima, siku ya matanga, kuwa shukrani kwa mkwe ambaye hakumpimia mama yake. Nilipiga magoti nikapokea. Maziwa yake umeyanywa wewe mpaka ukafika kidato cha nne. Ningelikataa vipi bila kusema kwa nini? Na nikisema leo, namnyang'anya nini yule mzee? Ana kitu kimoja tu cha kumfariji juu ya mama yake, na ni uongo wangu. Neno lile aliloniambia kando ya kitanda, "mama yangu anapimiwa," analikumbuka kama jambo jema alilomfanyia. Siwezi, Koku. Nimezeeka nalo na siwezi.

Lakini wewe siwezi kukuacha uende na hadithi ile shingoni. Watakuja mabibi wa jiko la moshi, watalala mbele yako wakivuta pumzi kwa mabega, na utamwona bibi yako, na mkono wako utakwenda kwenye koki. Wakati huo nataka unikumbuke mimi nilivyokuwa, si kama nilivyosimuliwa. Ukinichukia, haki yako. Ukifika Kyerwa ukae wiki, ukae mwezi, usinipigie. Nitajua umesoma.

Barua hii nitaiweka kwenye begi lako, ndani ya soksi ya kijivu, pamoja na kile kipimo changu cha kidole nilichokuja kununua mwenyewe. Betri ni mpya. Wasije wakakifungia kwenye droo.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, ila baba yako ameingia akitoka zizini. Nimefunika kurasa za juu kwa daftari la kwaya. Ameketi karibu yangu, ananuka maziwa, amevaa miwani yake iliyovunjika mkono mmoja. Akaniuliza, "Unamwandikia mtoto?" Nikasema ndiyo. Akafurahi. Akasema, "Basi mwandikie na neno langu, mimi kesho stendi nitalia tu sitaweza kusema." Nikashika kalamu. Akawa ananitajia maneno, na mimi naandika, na yeye anafuata kwa kidole kuhakikisha sikuacha kitu:

*Mwanangu, mgonjwa ni mgeni, na mgeni hapimiwi. Ukimkuta mama wa mtu hana pumzi, mfungulie yote, kama mama yako alivyomfungulia mama yangu.*

Amelisoma mara mbili, akanipapasa bega, akaenda kunawa miguu. Namsikia huko nje anaimba. Nimeweka kalamu juu ya mstari huo nikaukate, na mkono umekataa.

Ukate wewe.

Mama yako